Ndugu, Hayati au Marehemu?

Kiswahili kina maneno mawili ya heshima kwa aliyetutoka. "Marehemu" lina shina moja na "rehema": ni mtu tunayemwombea arehemiwe. "Hayati" nalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya uhai. Tukilitamka, tunautaja uhai papo hapo tunapokiri kifo. Kwa mazoea, hayati tumewatengea wakubwa wa taifa, na marehemu tumewaachia watu wote.

Maneno haya nimeyapima mwezi mzima, kwa kuwa shule moja ya sekondari huku kwetu Mgeta imeniomba, mimi mwalimu mstaafu, niandike maelezo ya picha za Edward Moringe Sokoine zitakazotundikwa maktabani. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, zimetolewa upya kutoka magazeti ya zamani. Katika baadhi yake yuko kazini. Katika nyingine kuna jeneza na umati.

Kwa wanafunzi wetu, Sokoine ni chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro mjini, au ni uwanja wa mpira wa Mbeya. Jina limekuwa majengo, mtu mwenyewe ametoweka. Mwanafunzi mmoja alizitazama picha za maombolezo, akaniuliza: "Babu Mwalimu, aliwapa nini hata wakamlilia hivi?"

Swali hilo picha haziwezi kulijibu. Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, akawa Waziri Mkuu mara mbili: kuanzia 1977 hadi 1980, na tena kuanzia Februari 1983. Huo ulikuwa wakati wa maduka matupu, wakati wa kupanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari. Alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, wengi wetu tuliona kwamba hatimaye kuna mkubwa anayeijua foleni. Alitupa tumaini. Lakini sheria ya mwaka 1983 iliwapeleka watuhumiwa mbele ya baraza maalumu, nje ya mahakama za kawaida, na hofu iliingia hata katika nyumba zisizo na hatia. Mwalimu wa kweli hawezi kumfundisha mtoto tumaini lile akaificha hofu ile.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa. Alikuwa na umri wa miaka 45. Nilikuwa mwalimu kijana. Habari tuliipata redioni, kwa sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Dakawa ni tambarare ya mpunga, na Mgeta ni milima ya kabichi na viazi, lakini leo zote mbili zimo katika wilaya moja ya Mvomero. Alizikwa kwao Monduli. Roho yake ilitokea kwetu.

Basi, nimeamua hivi. Chini ya picha alizopigwa akiwa kazini nimeandika "Ndugu Sokoine", kwa maana ndivyo tulivyowaita viongozi zama zile, na aliye hai pichani hahitaji kutangulizwa kaburini. Chini ya picha za mazishi nimeandika "marehemu". Wapo watakaoniona nimemshusha cheo. Mimi naona nimemrudisha kwa watu. Hayati ni neno jema, ila limezoea sana majukwaa, na mtoto akilisoma husimama wima badala ya kuuliza. Marehemu ni neno la babu yake na la jirani yake. Mtu wa namna hiyo unaweza kumlilia, ukamwombea, na bado ukauliza alitenda nini.

Kando ya kila picha nimeacha nafasi nyeupe, pana kiasi cha viganja viwili. Wanafunzi wataandika humo maswali yao kwa penseli.