Dawa ya Mtoto Asiyeumwa

Hapa Butembo, mji wetu wa milimani, asubuhi huja na baridi na ukungu, na moshi wa kuni na makaa hujaa jikoni. Ndipo kifua cha mtoto mwenye pumu hulia kama filimbi. Sisi tufundishao katekisimu twawajua watoto hawa: ndio wakosao masomo, ndio wakaao kando wenzao wachezapo mpira.

Mama mmoja jirani yetu alipewa na mganga dawa mbili za kuvuta. Baada ya majuma machache mtoto akawa mzima, akakimbia na wenziwe. Mama akatuuliza: "Mwalimu, kwa nini nimpe dawa mtoto asiyeumwa? Nayo fedha hupatikana kwa taabu."

Swali lake ni la haki. Lakini kazi ya dawa hizo si moja. Salbutamoli hufungua njia za pumzi upesi saa ya shida, na baada ya saa chache nguvu yake huisha. Beklometazoni hutuliza uvimbe wa ndani polepole, siku kwa siku. Mtoto anakimbia kwa sababu anaivuta. Akiiacha, uvimbe waweza kurudi kimya kimya, na usiku mmoja pumzi ikamshinda. Basi kupunguza au kuacha ni shauri la mganga.

Wengine huogopa madhara. Kwa kipimo kidogo dawa hii yaweza kupunguza urefu wa mtoto kidogo, kama sentimeta 1. Mganga na ampime. Pumu isiyotunzwa yadhuru zaidi. Tuogope hasa vidonge vya deksametazoni vinunuliwavyo bila cheti: vikimezwa siku nyingi hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Naye aliyekwisha kuvimeza muda mrefu asiviache ghafula, aende kwa mganga.

Mtoto avute kwa chombo cha kupitishia dawa. Mwaka 1999 waganga wa Cape Town walionyesha kwamba hata chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa vema, yafaa wakati wa shambulio. Tikisa dawa, bonyeza mara moja, mtoto apumue polepole mara 5 au zaidi, ndipo ubonyeze tena. Kisha asukutue kinywa na kutema, asipate utando mweupe ulimini.

Tena tuhesabu. Kopo lenye mivuto 200, kwa mtoto avutaye 2 asubuhi na 2 jioni, latosha siku 50. Andika tarehe juu yake, ununue jingine kabla halijaisha.

Salbutamoli isipomsaidia, au mtoto akishindwa kusema, au midomo ikageuka rangi, mkimbize hospitali usiku huo huo.

Nanyi ndugu wa Beni, ambako tangu Oktoba 2014 jamaa nyingi zimekimbia mauaji vijijini, fungeni dawa hizo pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule. Njiani duka la dawa halipo, bali pumu husafiri na mtoto.