Kima cha Gari Lililogongwa

Katika miaka ya ujana wangu Mombasa, zama ambazo Peugeot 404 ilikuwa imekwisha kujipatia sifa kwa kushinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, kisha mfululizo toka 1966 hadi 1968, na ndugu yake 504 ikashinda mwaka 1975, gari lililopata ajali halikuhesabiwa kuwa limekufa. Ami yangu alikuwa dalali wa magari, na kwa kumfuata katika magereji ya Shimanzi na Changamwe nilijifunza kwamba kukadiri kima cha gari lililogongwa ni elimu yenye misingi yake, ijapokuwa wenye elimu hiyo aghalabu hawakuiandika popote.

Ami hakuanza na boneti iliyokunjamana wala taa zilizovunjika, kwani hayo, alisema, kila mpita njia huyaona; alianza kwa kulala chini ya gari. Land Rover ilikuwa na chesisi ya chuma iliyosimama peke yake, na juu yake bodi ya aluminiamu iliyofungwa kwa bolti, hata madigadi yakikunjika yalifunguliwa yakatiwa mengine. Kwa hiyo Land Rover yenye sura ya kutisha huenda ikawa imepungua thamani kidogo tu, ilhali Peugeot, ambayo bodi yake ndiyo iliyobeba mzigo wote, iliweza kupendeza machoni na isifae kitu. Ili kuijua hali ya bodi namna hiyo alipima kwa kamba, mshazari, toka pembe moja hata pembe ya pili, akageuza na kulinganisha. Akaliamuru gari lipite juu ya mchanga uliorowa, akatazama iwapo alama za magurudumu ya nyuma zafuatana na za mbele. Akapitisha juu ya bati sumaku iliyofungwa kitambaa, na pale ilipoteleza bila ya kushika akajua kwamba chini ya rangi mna puti. Kwa Land Rover sumaku haikuwa na kazi, maana aluminiamu haishikwi nayo. Huko alibisha kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

Baada ya uchunguzi ilifuata hesabu, nayo ilikuwa na sehemu tatu: kwanza bei ya gari hilo lingalikuwa zima, siku ile na katika soko lile, pili gharama ya kulitengeneza, na tatu upungufu ambao haufutiki hata baada ya matengenezo mema, kwa sababu mnunuzi anayejua kwamba gari liliwahi kugongwa hakubali kulipa sawa na asiyekuwa na la kushuku. Spea zilikuwa ghali na ujira wa fundi ulikuwa nafuu, kwa hiyo bati lilinyooshwa, halikutupwa, na sehemu ya pili ya hesabu ikawa ndogo.

Mambo yaligeuka katika miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini. Pamoja nayo zilikuja nosikati, yaani vipande vizima vya mbele vilivyokatwa katika magari mengine, na fundi aliyekuwa akinyoosha akaanza kubadilisha. Zaidi ya hayo, magari haya yaliundwa ili sehemu ya mbele ijikunje kwa makusudi na kuimeza nguvu ya mgongano kabla haijawafikia abiria, na ndani yake mna mifuko ya hewa inayofumka mara moja tu. Kwa hiyo gari lenye bonde dogo kwenye bampa huweza kudai mifuko mipya, dashibodi, mikanda na kompyuta yake, hata gharama ikakaribia bei ya gari zima, asesa wa bima akaandika kwamba halifai kutengenezwa, na mabaki yake yakauzwa mnadani. Tangu hapo ukubwa wa jeraha na ukubwa wa hasara vimezidi kuachana.

Leo uchunguzi huanza na waraka. Gari la Japani lililopita mnadani huko kwao huwa na karatasi ya wakaguzi: lililo zuri hupewa daraja ya 4 au 4.5, na lililotengenezwa baada ya ajali huandikwa R au RA. Herufi A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Sumaku nayo imerithiwa na kipimo kinachosoma unene wa rangi kwa mikroni, hata juu ya aluminiamu. Walakini karatasi hiyo haijui ajali iliyotokea Mariakani baada ya gari kuteremka melini, na ndipo ile sehemu ya tatu ya hesabu inapofichwa na wasiomcha Mungu.

Masheikh wetu wa Kishafii walilitatua jambo hili kabla ya kuwapo injini. Aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Na ikiwa kuna kizuizi cha kukirudisha, hurejeshewa sehemu ya bei kwa kadiri ya aibu ilivyopunguza thamani. Tuseme gari zima ni shilingi 1,000,000, na kwa aibu yake ni 800,000: limepungua humusi. Ikiwa mnunuzi alilipa 900,000, basi haki yake ni humusi ya alicholipa, yaani 180,000. Sijaona kampuni ya bima iliyo na kanuni ya insafu zaidi kuliko hiyo.

Kwa hiyo, ewe msomaji unayetaka kununua gari lililowahi kugongwa, usilikimbie kwa jina la ajali, wala usivutwe na mng'ao wa rangi mpya. Mtake muuzaji akutajie hesabu zote tatu: bei ya zima, gharama ya matengenezo, na upungufu uliosalia; na asiyeweza kukutajia ya tatu, muachie gari lake.