Tableti ipi ifaayo nyumbani kwetu?

Wazazi wengi hapa Kasaji husumbuliwa na watoto wao kwa habari ya tableti, mashine ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kishikwambi. Afikaye Kolwezi huziona dukani, zote zang'aa, na muuzaji husifu zote. Lakini fedha ni ile moja, na mara nyingi ni ile iliyowekwa kwa ada ya shule.

Ziko za namna tatu. iPad ya kampuni ya Apple, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, ni imara, na programu zake huendelea kufanywa upya kwa miaka mingi. Walakini ni ya bei kubwa, tena haina tundu la kadi ya kumbukumbu. Za Android hutengenezwa na kampuni nyingi, basi ubora wake hutofautiana sana. Nyingine zimeandikwa gigabaiti 512 juu ya sanduku, kumbe ndani hazifiki hata robo. Kindle na jamaa zake ni za kusomea vitabu: husomeka vizuri juani, na betri hudumu majuma.

Mama mmoja, muuza unga wa muhogo, aliniuliza: «Mwalimu, kijana wangu ataka iPad. Nifanyeje?» Nami nikamwuliza: «Mama, umeme utatoka wapi?» Alikuwa na paneli ndogo ya jua iwashayo taa mbili tu. Hapo ndipo uchaguzi huanza, wala si kwenye uzuri wa kioo. (Na betri nyingi za mashine hizi zina kobalti. Ile ya Kolwezi huondoka kwa malori, kisha huturudia dukani kwa bei ya wageni!)

Kijana yule alikuwa akijiandaa kwa Mtihani wa Serikali. Alihitaji michoro ya fizikia, ambayo Kindle ndogo huionyesha kwa taabu. Na fedha ya intaneti ya kila siku haikuwapo. Nikamshauri mama achague Android yenye tundu la kadi. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia ya Kifaransa husomwa bila mtandao, nayo yaenea katika kadi ya gigabaiti 64, ambayo wanafunzi waweza kunakiliana.

Nilimwonya asilipe kabla ya kuiwasha, kuangalia toleo la Android, na kunakili humo faili kubwa ili kuipima kumbukumbu. Muuzaji wa kwanza alikataa. Wa pili alikubali. Kwa fedha iliyosalia mama alinunua paneli kubwa kuliko ile ya zamani.