Wakulima wa Brim
Brim ni kijiji kidogo cha wakulima wa ngano huko Victoria, Australia. Vihenge vyake vya zege vilikuwa vimeachwa vitupu, hadi mwaka 2016 Guido van Helten alipomaliza kuchora kwenye kuta zake wakulima wanne, warefu kama vihenge vyenyewe, karibu mita 30. Hawakutajwa majina. Vijiji vingine vikafuata: Patchewollock, Sheep Hills, Rupanyup. Leo ni njia ndefu, na watu wanaendesha gari kutwa nzima kwenda kuangalia kuta.

Mimi nimewaona kwenye picha tu, na bado hawanitoki. Wananikumbusha baba yangu, aliyelima mahindi miaka yote bila mtu kumpiga hata picha moja. Uzuri uko hapo: mkulima kachorwa kwa ukubwa ambao zamani walipewa wafalme.

Ila, jamani, tusidanganyane. Ukuta ulipatikana kwa sababu nafaka iliondoka. Msafiri anasimama, anapiga picha, ananunua kahawa, anawasha gari. Si haba, lakini si shule wala zahanati. Nikipita Babati nikaona vihenge vyetu, natamani tuwachore wakulima wetu sasa, mahindi yakiwa bado yamo ndani.