Klachi, Vumbi na Maji Chumvi: Pikapu Kutoka Gairo Hadi Mgeta

Abiria wa basi la Dodoma huijua Gairo kama mahali pa kunyoosha miguu na kununua cha kutafuna kabla safari haijaendelea. Mwenye pikapu huijua kwa namna nyingine. Mji umekaa karibu katikati ya njia ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma, na ukiiacha lami ya barabara kuu unaingia kwenye udongo pande zote mbili: kaskazini tambarare za Chakwale na Iyogwe, kusini milima ya Ukaguru inayopanda kupita mita 2,000 ukielekea Nongwe. Gairo ilimegwa kutoka Kilosa ikawa wilaya mwaka 2012. Ofisi zimeongezeka na nyumba zimeongezeka, lakini gunia la maharage bado linatoka shambani kwa gari lile lile: pikapu ya dizeli yenye gia za mkono, bodi imechomelewa vyuma vya kuongeza kimo, na springi zimeongezwa nyuma.

Pikapu yangu ni ya kundi hilo, Hilux yenye injini ya 3L. Nimeizungusha katika njia hizi kwa muda wa kutosha kuamini jambo moja: gari zuri la kazi ni lile linaloweza kutengenezwa pale pale linapoharibikia. Yanayofuata ni ya kulinganisha mahali na mahali, kwa sababu kila barabara ina namna yake ya kulimaliza gari.

Gairo mjini

Adui wa kwanza hapa ni vumbi. Kiangazi kikishika, gari lililotangulia kwenye njia ya Chakwale linakuachia wingu ambalo huoni mbele yake, na vumbi lote hilo linatafuta pa kuingilia kwenye injini. Filta ya hewa ikiziba, injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi na kunywa dizeli bila kutoa nguvu. Ikichanika ni hatari zaidi, maana vumbi linapita moja kwa moja na kusaga ringi na silinda. Hapo injini huanza kula oili, na hakuna spana inayorudisha chuma kilicholika. Madereva wa hapa hupita kwa mziba pancha wakapuliza filta kwa upepo wa kompresa. Wanaojua hupuliza kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unalikandamiza vumbi ndani ya karatasi. Oili ya injini mimi huibadilisha kila kilomita 5,000, na kiangazi sisubiri hata zifike.

Adui wa pili ni maji. Visima vya Gairo vina chumvi, na anayefua nguo hapa anaijua kwa sabuni inayogoma kutoa povu. Rejeta inaijua kwa njia yake. Maji yale yakichemka ndani ya injini huacha magadi kwenye mirija myembamba, mirija inaziba mmoja mmoja, mshale wa joto unaanza kupanda kwenye mwinuko ambao jana uliupanda bila shida. Asiyeshtuka mapema ataunguza gasketi ya silinda hedi, na hedi yenyewe inaweza kupinda. Dawa yake ni rahisi: maji maalumu ya rejeta, au angalau maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la bati. Madereva waliokomaa hubeba dumu la maji hayo nyuma ya kiti na hawakubali yanywewe.

Klachi chini ya mwarobaini

Gereji niliyozoea Gairo haina paa. Ina mwarobaini, magogo mawili, sanduku la spana na fundi mwenye mikono mizito. Nilimpelekea gari likiwa na dalili moja: kwenye kilima injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki.

"Vuta hendibreki, kaka," aliniambia. "Weka namba nne. Kanyaga mafuta kidogo, halafu achia klachi taratibu."

Injini ilitakiwa kuzimika. Haikuzimika, iliendelea kunguruma na gari limesimama palepale. Fundi akatikisa kichwa, akamwita kijana wake alete jeki.

Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kabla ya kufungua propela shafti, fundi alichora mstari kwa msumari kwenye flanji zote mbili, ili irudi kama ilivyokuwa na isije ikatetemeka njiani. Gia boksi ikateremshwa kwa kamba mpaka juu ya tairi kuukuu lililolazwa chini. Pleti ya klachi ilipotoka, riveti zilikuwa zimechungulia nje, na flaiwili ina madoa ya buluu ya chuma kilichoungua. Aliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akaipitisha kidole kutafuta mikwaruzo.

Kisha akatoa kwenye sanduku kijiti cha mpingo alichokichonga mwenyewe, ncha yake imezungushiwa utepe hadi ikalingana na shafti ya gia boksi. Alikipitisha katikati ya pleti mpya mpaka kikakaa kwenye kiberingi kidogo cha flaiwili, ndipo akakaza presha pleti, nati moja huku na nyingine upande wa pili, kidogo kidogo.

"Pleti ikikaa kando hata kidogo tu," alisema, "utaisukuma gia boksi mpaka jua lizame, na haiingii."

Gia boksi iliingia mara ya kwanza. Kazi nzima haikuhitaji umeme wala kompyuta. Gari la otomatiki likiugua gia boksi hapa, linasubiri kuvutwa mpaka Morogoro au Dodoma, kwa mtu mwenye kipimo cha kompyuta na oili ya aina yake maalumu. Na betri ikifa shambani, lenye gia za mkono linasukumwa na watu watatu: funguo imewashwa, gia namba mbili, klachi imekanyagwa, likishika mwendo unaachia, linawaka. Kwa mkulima wa Iyogwe huo ndio msaada wa barabarani alio nao.

Kupanda Nongwe, kushuka Nongwe

Mlima unaanza kumpima dereva wakati wa kushuka. Gari linateremka na maharage, na kila kona inaficha nyingine. Sheria ya wazee wa njia hii ni kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Ukiwa kwenye namba mbili, injini yenyewe inalishika gari, na breki unazigusa pale tu panapohitajika. Anayeshuka kwa breki peke yake anazipasha moto mpaka oili ya breki inachemka, na pedali inazama hadi sakafuni bila kukamata kitu. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani kadiri inavyokaa, na ikishanyonya inachemka mapema zaidi. Ndiyo maana inabadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama haijapungua.

Wapo vijana wanaoweka frii kwenye mteremko wakiamini wanaokoa dizeli. Hesabu hiyo haisimami. Pampu ya dizeli ya magari haya, ukiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, inakata karibu dizeli yote, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inabaki kujizungusha yenyewe na lazima inywe. Kwa hiyo kijana yule anatumia dizeli zaidi na amejinyima breki bora kuliko zote alizo nazo. Jambo hili lingefaa kufundishwa kwa kila anayechukua leseni mkoani Morogoro.

Mgeta, upande wa Uluguru

Kutoka Sangasanga, karibu na Mzumbe, njia ya Mgeta inapanda Uluguru kwenda Langali na Nyandira. Milima hii inafika zaidi ya mita 2,600, na mawingu ya bahari yanaanguka juu yake kwanza. Gairo inakauka, Mgeta inalowa. Hapa filta ya hewa inakaa muda mrefu, na vinavyoteseka ni klachi na difu.

Udongo mwekundu ukilowa, gari linateleza, na dereva asiyejiamini anaishi kwenye nusu klachi: mguu haujakanyaga wala haujaachia. Pleti inasagika, harufu ya kuungua inajaa ndani ya kebini, na klachi ambayo Gairo ingedumu miaka inamalizika msimu mmoja wa masika. Mwenye busara husimama kabla ya kilima, anaingiza fo wili na gia nzito, anaachia klachi yote na kupanda taratibu bila kubadili kitu mpaka juu. Vijito navyo vina kazi yake. Difu iliyotoka moto ikitumbukia kwenye maji baridi hufyonza maji kupitia tundu lake la kupumulia. Ukifungua nati ukakuta oili namba 90 imekuwa nyeupe kama maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

Tofauti kubwa zaidi kati ya Gairo na Mgeta niliiona kwenye mzigo. Mahindi, alizeti na maharage ya Gairo ni makavu, yanaweza kungoja kesho. Kwa hiyo kosa la Gairo ni kurundika: pikapu iliyotengenezwa kubeba kama tani moja, ambayo ni magunia kumi ya kilo 100, inapakiwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ambayo sheria ya vipimo imeikataza, na springi zinalala. Kabichi, karoti na njegere za Mgeta hazingoji. Lazima zifike sokoni Morogoro zikiwa na umande. Kosa la Mgeta ni haraka kwenye utelezi. Mzigo ndio unaoamua gari litakufa na ugonjwa gani.

Meru, kwa majirani

Haraka hiyo niliikuta imefika ukingoni kwenye Kaunti ya Meru, Kenya. Hilux za Maua hubeba miraa kwenda Nairobi, na miraa ikinyauka haina bei. Zao hilo kwetu Tanzania tunaliita mirungi, nalo limepigwa marufuku. Pikapu zile zinakimbia mwendo unaotisha, na vifo vya barabarani vinavyotokana nao vinajulikana na kila mtu. Hata hivyo wenye magari wana nidhamu moja ya kuiga: matairi na pedi za breki hubadilishwa kabla hazijaisha, na spea za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi haziko mbali na njia yao.

Sheria nazo zinatenganisha magari yetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania inaruhusu makuukuu lakini inayatoza kodi ya ziada. Ndiyo maana injini za miaka ya 1990 bado zinanguruma Gairo, na ndiyo maana spea zake za mtumba bado zinapatikana.

Kongwa

Kutoka Gairo ukipita Kibaigwa na soko lake la mahindi, unafika njia ya kuingia Kongwa. Hapa Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, wakitaka kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa za Tanganyika. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Mengi yalifika yamechoka. Udongo wa Kongwa ulisaga majembe, mafundi hawakutosha, spea zilikuwa upande wa pili wa dunia, na mbuyu haukukubali kung'oka kirahisi. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na hasara ilifika kama pauni milioni 36.

Kila nikipita hapo nafikiria mashine zile zilizosimama porini zikiwa na nguvu zote za kufyeka na hakuna wa kuzifungua nati. Fedha haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu aliyezaliwa na udongo ule, mwenye spana mkononi na kijiti chake cha mpingo.

Kabla ya kununua

Kwa hiyo ukitaka pikapu ya kazi, anza na fundi kabla ya kwenda kwa muuza magari. Muulize ni injini gani ameshaifungua mwenyewe mpaka mwisho, na spea zake anazipata wapi. Nenda naye ukalione gari. Lijaribu klachi kwa namba nne, fungua oili ya difu utazame rangi yake, chungulia rejeta kama ina magadi, uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, maana kwenye injini kama 3L hautakiwi kupita kilomita 100,000. Gari likikuvutia na fundi wako halijui, liache.

Na kijana yule anayeshika jeki chini ya mwarobaini anahitaji zaidi ya kutazama. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Kihonda, Morogoro, mwendo wa saa chache kutoka Gairo, na ujuzi wa fundi wake ungepata cheti pale bila shida. Halmashauri ikimlipia ada kijana mmoja kila mwaka, na akarudi kufanya kazi nyumbani, maharage ya Nongwe yatafika barabara kuu kwa uhakika zaidi kuliko kwa gari jipya lolote litakalonunuliwa.