Kusini Kunapofifia

Kipimo cha mwanga wa anga ni kifaa kidogo cha kushika kiganjani. Unasubiri giza liingie sawasawa na mwezi usiwepo, unakielekeza angani juu ya utosi, unabonyeza, kinakupa namba. Anga yenye giza la asili husoma karibu 22. Kila inaposhuka namba moja, anga imeng'aa mara mbili na nusu. Mwanga ukizidi, namba hupungua. Kwangu huo ni mpangilio wa haki, maana kinachohesabiwa ni giza lililobaki.

Hapa Kerege namba ya utosini inaweza kukufariji. Lakini msiba wetu haukuanzia utosini. Dar es Salaam iko kusini kwetu. Njiani kuelekea huko Bunju ilijaa nyumba, Mapinga inajaa, na upande ule umebaki na weupe usiotokana na mwezi. Na kusini ndiko yaliko mambo ambayo watu wa Ulaya hawayaoni kwao: Msalaba wa Kusini, ambao jioni za Mei husimama wima, na mabaka mawili ya ukungu yaitwayo Mawingu ya Magellan. Msalaba utadumu, nyota zake ni kali. Mabaka ndiyo yanayotangulia kwenda, kwa kuwa nuru yake imetawanyika na haina nguvu ya kushindana na taa. Februari 1987 nyota ililipuka ndani ya lile kubwa, ikaonekana kwa macho matupu baada ya nuru yake kusafiri miaka 160,000 hivi. Ikilipuka nyingine, tutaiona ikining'inia mahali patupu.

Kilimia, kishada cha nyota ambacho wazee wa pwani walikitazama kupanga kilimo, hakijaondoka. Mwezi wa Mei bado kinazama magharibi, mbali na jiji. Ila habari za mvua sasa tunazipata kwenye simu, kwa hiyo kinazama bila shahidi. Sijui niuweke wapi upotevu huo, kipimo hakiugusi.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliotegemea macho ya watu wa kawaida, wengi wao wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ulikuta mng'ao wa anga ukiongezeka karibu asilimia 10 kila mwaka. Satelaiti zilikuwa zimeonyesha ongezeko dogo kuliko hilo, kwani hazioni vizuri buluu ya taa za LED.

Hakuna aliyefunga turubai kwa ajili ya msiba huu wa giza, na nani angefunga? Umeme tuliuomba wenyewe, tukazisubiri nguzo, tukashangilia. Kibatari sikililii kirudi, moshi wake naukumbuka puani. Ninachokililia ni ule mwanga unaokwenda juu bila kumfaa mtu.

Jirani yangu amefunga taa ya ulinzi kwa sababu ya vibaka, na ana haki. Nimemwomba tu aiinamishe, imulike mlango badala ya minazi. Amesema fundi akija kutengeneza pampu atamwambia.