Tairi za Kwenda kwa Bibi, Singida

Kama mwenzio ana mchuma wa zamani ambao wewe unauonea aibu, kaa tuongee. Mimi niliionea aibu Land Rover 110 ya mume wangu. Aliirithi kwa baba yake, ikiwa na rimu za chuma na matairi membamba ya 7.50R16. Kila tukienda kwenye sherehe namwomba aipaki mbali.

Siku moja tukapanga kumpeleka mtoto wetu akaonwe na bibi yake mume wangu, aliyemlea tangu mdogo, huko Iramba, chini ya mlima Sekenke, ukingoni mwa mbuga ya Wembere. Bibi alikuwa anaumwa na alishasema anataka kumshika kitukuu. Nikatoa sharti: siendi ukweni na gari lililovaa kandambili. Mume wangu kwa kupenda amani akafunga spoti rimu za kung'aa na matairi mapana, 265/75R16, ya kashata ndogo za lami. Mshiko uliotoka hapo si mchezo.

Dar mpaka Singida mjini ni kilomita 700 hivi, lami tupu. Raha ilioje! Baada ya Manyoni ukianza kuona mawe makubwa yaliyopandana na alizeti mashambani, ujue unakaribia. Tukapiga picha Ziwa Singidani, tukala kuku wa kienyeji, gari linameremeta. Nikajipongeza.

Tulipoteremka Sekenke na kuacha lami, mambo yakageuka. Njia imejaa migunga. Mwiba ukapenya ubavuni mwa tairi, na ubavu hauzibwi kama pancha ya kawaida. Tukafunga tairi la akiba. Kabla hatujafika mbali, la pili nalo likaenda. Fundi pancha aliyekuja na bodaboda akatuambia tairi lililopo dukani ni 7.50 tu, na kwenye rimu pana kama zetu halikai. "Dada, hizi rimu ni za mjini," akasema.

Tukalala garini na mtoto. Asubuhi mwenye Land Rover kama yetu akatuazima gurudumu lake: la chuma, jembamba.

Bibi tulimkuta kibarazani. Alikesha akitusubiri. "Mume wangu umechelewa," akamtania mtoto, akampakata mpaka jioni. Miezi miwili baadaye tulirudi kumzika. Ile jioni moja tuliyoipoteza njiani, mpaka leo inaniuma.

Sasa nyie mnaotaka kuvalisha mchuma wa zamani, tulijifunza haya:

Chagua saizi inayouzwa huko mnakokwenda. 7.50R16 huvaliwa na Land Rover za kazi na Land Cruiser nyingi za kazi, kwa hiyo hata kwenye miji midogo mnaweza kuipata.

Tairi na rimu viendane. 265/75 inataka rimu ya upana wa inchi 7 au zaidi. Za chuma zilizokuja na 110 yetu ni inchi 5.5. Kabla ya kulipa, kata usukani mpaka mwisho kila upande, uone kama tairi linagusa bodi au chesisi.

Yote yalingane, na la akiba pia. Land Rover 110 huzungusha magurudumu manne muda wote, na saizi tofauti zinaumiza difu.

Ulizia ubavu mgumu, wenye nyuzi nyingi. Kwenye njia za miiba, ubavu ndiyo roho ya tairi.

Soma umri wake. Tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama kashata bado zimejaa.

Na udongo mweusi wa mbuga ukilowa, kashata kubwa zinasaidia kidogo tu. Subirini ukauke.

Zile spoti rimu tuliziuza kwa hasara. Land Rover imerudia chuma chake na matairi membamba, na siku hizi mimi ndiye nachagua pa kuipaki: mbele kabisa. Kabla hamjabishania rangi ya rimu, wewe na mwenzio kaeni chini mkubaliane kwanza gari linakwenda kwa nani.